Kaburi la Chokaa

Mwaka wa 2020 mdogo wangu alifia Alief, Houston. Moyo ulisimama akiwa kazini, basi. Ndege za kwenda Kenya zilikuwa zimesimamishwa, na Mama kwenye simu alikuwa na neno moja tu: "Nataka kumwona uso. Usithubutu kumzika huko!"

Basi mdogo wangu akakaa mochari. Wiki ya tano, ya sita. Nikawa mtu wa kupiga simu na kufoka. Mhudumu wa mochari alikuwa mpole, na upole wake ulinikera zaidi. Akasema dawa nayo ina mwisho wake. Tukizidi kungoja, uso hautatazamika.

Mimi nilikuwa nikimtunza mzee mmoja Mkorea nyumbani kwake Lewisville, saa nne kwa gari kutoka Houston. Asubuhi moja, nikimlisha uji, nikaangua kilio, nikamweleza yote. Akaniambia kwao zamani wakubwa walizikwa katika majeneza mawili, moja ndani ya jingine, nguo zimeshindiliwa humo, halafu yanazungushiwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo. Ikikauka ni jiwe, hewa haipenyi. Kaburi la babu wa ukoo wao lilipohamishwa kupisha barabara, walimkuta mzima: ngozi, ndevu, hata kope. Baada ya mamia ya miaka!

Mungu wangu, nilivyomkamata mkono! "Mzee, hiyo chokaa naipata wapi?" Akili zilikuwa zimeniruka, sikatai.

"Binti yangu," akasema, "siku ile sisi tulilia. Hakuna aliyetaka awe vile. Chokaa ilikuwa ya kuzuia mizizi, wadudu na wezi. Mwili ulitakiwa uishe taratibu, ibaki mifupa, mtu apumzike. Baba yangu alipiga magoti, akamwomba msamaha kwa kumchelewesha."

Nikaenda kukaa ndani ya gari, nikampigia Mama. Nikamwambia bila kuzunguka: uso wa kuona haupo tena, na sisi ndio tunaomchelewesha. Alinitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake, akakata simu.

Baada ya siku mbili akapiga mwenyewe.

"Mzikeni," akasema. "Vijana wako shambani, wanataka kukata mgomba." Kwetu, maiti isipofika nyumbani, huzikwa mgomba badala yake.

"Sawa, Mama."

"Niambie alikuwa na urefu gani. Aliondoka hapa bado anakua."