Kwenye Redio Walichimba

Mtaani walimwita Mama Redio, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilitazamana na bomba la maji, kwa hiyo hakikukosa wasemaji. Wanawake waliacha ndoo kwenye foleni, wakaingia kupimwa, na kanda ya kupimia ikishawazunguka kiuno walifunguka wenyewe. Huyu mumewe kanuna, yule wifi yake kamtia chumvi kwenye kidonda. Yeye alisikiliza, pini mdomoni. Siku za mapumziko alikaa akaandika michezo ya redio, na kituo kimoja cha mjini kilikuwa kimeirusha kwa miaka mingi.

Alikuwa na imani zake kuhusu kazi hiyo. Mtu akiumia hasemi panapouma, husema pembeni. Anayelalamikia mkono wa gauni huenda analalamikia nyumba yake. Mchezo, alimwambia mtayarishaji wa vipindi, ni mtu anayetaka kitu pamoja na kile kinachomzuia, na mengine yote ni urembo wa pindo. Juu ya hayo aliamini kwamba hadithi ni uwongo wenye adabu: unadanganya majina na mitaa ili kweli ipate pa kukaa.

Aliyekuwa akimcheka kwa imani hizo ni mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ambaye alimlea mwenyewe tangu wazazi walipofariki. Kijana wa masihara, aliyesema kwamba katika michezo ya dada yake hata majambazi wanaongea kama wateja wa magauni. Alikuwa akivunja mawe machimboni pamoja na mmoja wa mapacha wa jirani yao muuza mkaa, mwanamke mtu mzima ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha.

Msimu wa mvua, ukuta wa shimo uliporomoka vijana hao wawili wakiwa chini. Watu walikimbia kutoka kila kona, wakakuta kamba imeshafungwa na walinzi wamesimama. Msimamizi wa machimbo, mtu wa sauti ya upole, alisema hakuna binadamu anayepona chini ya kifusi kile, na kwamba kuingia kuchimba ni kuongeza maiti. Tingatinga lilikuwa linanguruma pembeni. Mama Mapacha akasema anasikia kugonga. Alisema taratibu, kama anayeuliza njia: kuna mtu anagonga jiwe, nyamazeni msikilize. Wengine walimwambia ni mawe yanajipanga. Mama Redio alitega sikio kwa nguvu zake zote, asijue anachosikia ni nyundo au ni moyo wake. Kabla jua halijazama shimo lilikuwa limesawazishwa. Hawakupewa hata mwili wa kuosha. Na yule mama wa mkaa, watu hawakujua wamwite nani tena, wakaendelea kumwita Mama Mapacha kwa kukosa jina jingine.

Mama Redio alikaa muda mrefu bila kuandika. Hatimaye mtayarishaji, kijana mstaarabu aliyemwita dada, alikuja kumpa pole, akamwambia wasikilizaji wanamkumbuka. Akiandika kuhusu msiba wake, alimsihi, aweke mwanga kidogo, maana watu wana giza la kuwatosha. Mama Redio hakumlaumu kwa hilo, si siku ile wala baadaye, kwani alikuwa ameshaamua kabla hajashauriwa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, amsikie mdogo wake akitoka.

Aliandika mchezo, wakaurekodi katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, na beseni la kokoto sakafuni kwa ajili ya sauti za nyayo. Katika mchezo, kugonga kulisikika. Msimamizi aliamuru mashine izimwe, pakawa kimya, kisha watu wakaingia kuchimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Vijana wote wawili walitoka, na mmoja wao alikohoa, akaomba maji, akauliza kama kuna aliyemlindia chakula chake. Mwigizaji yule alichaguliwa kwa sababu ya kicheko chake. Mama Redio alikaa nyuma ya kioo, na kwa kipande hicho cha mchana alikuwa na ndugu.

Mchezo ulipendwa kuliko yote aliyowahi kuandika. Ulirudiwa, ukaombwa tena. Machimboni waliuweka kwenye kipaza sauti cha ofisi, pale wanapojipanga wanaotafuta kazi, na msimamizi akatuma salamu za shukrani kwamba sasa watu wamewaelewa.

Kisha maneno ya bombani yakaanza kubadilika. Siku moja, akiwa kwenye cherehani, alimsikia jirani akimsimulia mpangaji mgeni jinsi watu walivyochimba siku ile mpaka vidole vikatoka damu. Jirani huyo alikuwa amesimama naye bega kwa bega nyuma ya kamba. Na hakuwa akidanganya. Machozi yalikuwa yakimlengalenga; ndivyo alivyokumbuka.

Mama Mapacha alikuja baada ya hapo, mikono mitupu, bila kitambaa wala nguo ya kurekebisha. Aliketi kwenye kiti cha wateja.

“Mdogo wangu,” alisema, “jana pacha aliyebaki kaniambia alichimba mpaka kucha zikang'oka. Nimemtazama kucha. Zote zipo.”

Mama Redio alijibu kwamba aliandika ili awaone tena.

“Najua. Uliwatoa wote wawili, na mimi nililia kwa furaha kama mjinga. Lakini na msimamizi ukamtoa pamoja nao.” Alipangusa vumbi la mkaa viganjani. “Mwanangu siwezi kumnyang'anya hilo. Tangu aanze kuamini hivyo, anapata usingizi. Ila mimi nilisikia kugonga. Nikisema sasa, naambiwa, si walichimba, mama? Nimebaki na kugonga kwangu peke yangu.”

Aliondoka bila kuaga. Mama Redio akaandika mchezo wa pili. Safari hii kamba ilikuwemo, na walinzi, na ile sauti ya upole, na chini ya maneno yote aliagiza tingatinga lingurume bila kupumzika tangu mwanzo hadi mwisho. Mtayarishaji aliusoma mbele yake, akafuta macho, akasema hajawahi kupata kazi kama hii. Kisha akasema hautarushwa. Wakubwa wake wanaona ni kuwageuka wasikilizaji waliokwisha kulia na kufurahi.

Habari zilimfikia pacha aliyebaki. Alisimama mlangoni, hakukubali kuketi.

“Mama mdogo, nasikia umeandika ile hadithi upya. Kwenye ile ya kwanza mimi nipo, nachimba. Kwenye hii nitakuwa wapi?”

Mama Redio alijua atakuwa wapi. Nyuma ya kamba, pembeni yake yeye mwenyewe. Aliinamia cherehani, akaendelea kushona. Kijana akasubiri mpaka pindo likaisha, akaenda zake.

Alibakiwa na msikilizaji mmoja. Alikwenda uani kwa Mama Mapacha, akaketi juu ya gunia tupu, akausoma mchezo wote, akiigiza sauti moja moja. Mama Mapacha alisikiliza huku akichambua mkaa, makubwa huku, vumbi kule. Mwisho alikung'uta mikono.

“Ndivyo ilivyokuwa,” alisema. “Ila tingatinga lilizimwa. Yule dereva alilizima, akainamisha kichwa kusikiliza. Msimamizi alipomtazama, akaliwasha.”

Mama Redio alisema halikumbuki hilo.

“Ulikuwepo. Ulinishika mkono.”

Alijaribu kukitafuta kile kimya kichwani mwake, na kila alipokifikia alikuta majembe na sufuria, na kicheko cha mwigizaji. Kimya cha kweli kilikuwa kimeng'olewa, na aliyekipachika cha redio mahali pake ni yeye. Alimwomba Mama Mapacha amsimulie upya, polepole, aandike. Mama Mapacha alikataa. Alisema amechoka kuwa chakula cha hadithi, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka uleule Mama Mapacha alihamia kwa dada yake, mji mwingine, akamwachia mwanawe banda la mkaa. Mama Redio hakuandika tena. Anashona. Wanaomuuliza huwaambia macho hayaoni vizuri.

Kituo hurudia ule mchezo wa kwanza kila mvua zinapoanza. Watu husimama mbele ya duka la vinywaji wakisikiliza, na kijana anapotoka na kuomba maji, wapo wanaopiga makofi. Yeye akipita hapo hushika upande wa pili wa barabara, lakini humwona, humwita, humshukuru. Huwaitikia, kwa kuwa ni majirani, na kwa kuwa wengi wao wanaamini kabisa kwamba siku ile walichimba.