Bi Tulia na Watu Waliojificha Nyuma ya Paka

Mtaa mzima ulimwita Bi Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa kwenye stuli mbele ya kamera yake. Yeye mwenyewe hakujua kutulia. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha katika chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yake, na kabla ya kugusa kamera aliuliza swali moja: "Picha hii ataitazama nani?" Aliyempelekea mama yake aligeuzwa kidogo kuelekea dirishani. Aliyempelekea mchumba aliambiwa alegeze mabega. Wa ofisini aliambiwa afunge mdomo, basi.

Kisha kila mtu akawa na kamera kwenye simu, na stuli ikaanza kushika vumbi. Kaka hakupindisha maneno: mwezi ukiisha bila wateja, chumba anapewa kinyozi.

"Kinyozi yupi?"

"Yupo. Ana vioo vyake mwenyewe."

Binti wa kaka, muuza vifuniko vya simu, alimfungulia ukurasa mtandaoni. Wakaweka picha za maharusi na za watoto waliong'oka meno. Watu mia nne walibonyeza moyo. Hakuna aliyekanyaga kizingiti.

"Mioyo yote hiyo, Shangazi."

"Mioyo haikai kwenye stuli, mwanangu. Hawa ni kina nani?"

Binti alicheka, nani anauliza hivyo? Lakini Bi Tulia alivaa miwani akawapekua mmoja mmoja, kama anayechambua mchele. Wengi hawakuweka nyuso zao. Palipotakiwa picha palikuwa na duara tupu la kijivu, au ua, au gari, au paka. Jambo hilo lilimkereketa. Mtu ana simu yenye kamera mbili, anajifichaje nyuma ya paka? Hapo akafanya kosa ambalo mpiga picha wa studio tu angelifanya: aliwaandikia wote, mmoja baada ya mwingine, "Mbona hujaweka uso wako? Kuna nini?"

Wakamjia juu. Mmoja alimwita mchawi; mwingine aliuliza kama ametumwa na mke wake. Kesho yake ukurasa ulikuwa umefungiwa siku tatu kwa kusumbua watu.

"Shangazi, huko hatuulizani maswali."

"Sasa mnafanya nini huko?"

Ulipofunguliwa, jibu moja lilikuwa linasubiri: "Nina kovu. Nikijipiga mwenyewe, naliona hilo tu." Saa saba mchana mwenyewe akaingia, fundi wa friji, bisibisi mfukoni. Bi Tulia akamuuliza swali lake. Fundi alikuna kidevu.

"Wateja, nadhani. Wanataka kujua nani anaingia jikoni kwao."

"Basi hatulifichi. Wakiliona hapa, hawatalishangaa mlangoni."

Akamweka dirishani, bisibisi mkononi, kovu upande wa mwanga. Fundi aliitazama ile picha mara tatu, akaiweka kwenye ukurasa wake, akasimulia alivyoulizwa. Binti naye akaandika chini yake: "Kama hujaweka uso wako, njoo utuambie sababu."

Sababu zikaja kwa miguu. Alikuja mshonaji anayepepesa macho kila akiona kamera. Akaja pacha aliyechoka kupongezwa kwa mambo ya mwenzake. Bi Tulia alizisikiliza zote, na picha zikamsubiri.

Mwezi ulipoisha, kaka alifika na kinyozi na futi kamba. Watu watano walikuwa kwenye benchi. Kinyozi akaanza kupima ukuta, lakini jicho lake lilikuwa kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anajichana kwa vidole mbele ya kamera. Uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, shingo hiyo huwezi kuipeleka kwa watu."

Akatoa mashine mkobani, akamnyoa papo hapo. Aliyefuata naye akataka. Kaka alibaki ameshika ncha ya futi.

"Sasa chumba ni cha nani?"

"Pima nusu, kaka," alisema Bi Tulia, jicho halijatoka kwenye kamera. "Yeye na vioo vyake, ukutani. Dirisha silitoi."

Kaka akapima. Nusu ya Bi Tulia ilitoka hatua nne tu. Miaka yote alikuwa amezoea saba. Aliisogeza stuli, akachungulia, akaisogeza tena, akitaka kujua uso wa mtu unakuwaje ukiutazama kwa karibu namna ile.