Siku mtani wangu Mhehe aliponipa koti mwezi wa saba

Wakuu, habari za humu. Walio wadogo marahaba, maana nadhani wengi nimewazidi umri.

Jana nimesoma uzi mnawacheka Wahehe, eti ukimuudhi Mhehe anajiua. Hata mimi nilikuwa nacheka hivyo hivyo, mpaka siku moja. Ninayoandika ni kweli tupu, jina tu nimebadili.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa fundi wa malori Mbeya. Barabara ya Zambia imechangamka, kazi kibao, saa nne tunakula magimbi na chai ya rangi. Hatukuwa na kitu, lakini tulicheka kutwa. Nazikumbuka sana siku zile.

Niliyefanya naye kazi bega kwa bega alikuwa Kihwele, Mhehe wa Iringa. Mimi Mngoni, na mnajua sisi ni watani tangu vita vya mababu. Salamu yetu ya asubuhi ilikuwa matusi. "Babu yako alikimbia mpaka akasahau ngao." Naye anajibu, "Aliiacha makusudi, alijua Wangoni ni wezi."

Alikuwa na koti zito la sufu. Nililitamani miaka mitatu.

Sasa mtani haombi, ananyakua. Nikilinyakua ananikimbiza karakana nzima na spana mkononi, watu hoi kwa kicheko.

Kisha mkewe akafariki kwenye uzazi, na kichanga pia. Kihwele akawapeleka wanawe wawili kwa bibi yao Iringa, akarudi Mbeya kuishi peke yake.

Hapa naomba msome taratibu.

Akaacha kula na sisi. Akaanza kunywa kila siku, yeye ambaye hata ulanzi, pombe ya mianzi ya kwao, alikuwa anaonja tu. Macho mekundu, halali. Nikimtania, kimya.

Siku moja akasema, "Mtani, nimechoka. Bora nimfuate mama watoto." Fundi mmoja akadakia, "Wahehe bwana, mshaanza mambo yenu." Tukacheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Ikafika mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua. Jumamosi mchana tunafunga kazi, Kihwele akavua koti akanipa.

"Chukua tu, mtani. Umelitaka siku nyingi."

Nikalivaa, nikatembea kwa maringo mpaka nyumbani. Mke wangu akauliza, "Umemnyang'anya?" Nikamwambia amenipa mwenyewe. Akaweka ungo chini.

"Baba Neema, mtani wako akupe koti, tena baridi hii? Rudi kwake sasa hivi."

Nilikimbia. Nikamkuta amekaa kitandani, chumba kimefagiliwa, redio ameshampa jirani.

Nikamuuliza bila utani, "Kihwele, unataka kujiua?" Niliogopa sana kulitamka neno lile. Akalia.

"Nilijua hakuna atakayeniuliza," akasema.

Sikumwacha. Alilala kwetu, Jumatatu nikampeleka kwa daktari, kisha tukapanda basi hadi Iringa. Mama yake akatusalimia Kihehe, "Kamwene," akamshika mwanawe mkono bila kuuliza kitu. Watoto wakamrukia baba yao. Akabaki huko miezi.

Alirudi kazini mvua zimeanza. Siku ya kwanza alifanya kazi kimya. Siku ya pili akaja nyuma yangu, akanivua koti kwa nguvu.

"Mngoni mwizi we, umelitanua mabega!"

Nilienda nyuma ya lori nikalia. Mtani wangu alikuwa amerudi.

Wakuu, halikuwa kabila. Ulikuwa msiba, upweke, pombe, kukosa usingizi, na sisi tuliogeuza maneno yake kichekesho. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi. Kumuuliza si kumfundisha kufa. Kaa naye, mpeleke hospitali, waite ndugu zake. Na kama ni wewe unayesoma umechoka, mwambie mtu leo hii, hata humu.

Kihwele amefariki mwaka juzi kwa uzee, ameacha wajukuu kibao. Msibani Iringa wanawe wakaniletea lile koti, limeshachakaa, wakanikabidhi kwa mikono miwili. Nikakataa. Nikawaambia walirudishe kwenye kiti cha baba yao, walikolitoa. Wakalirudisha, nikalinyakua nikatoka nalo mbio na miguu yangu hii mibovu, msiba mzima ukacheka.

Nani humu aliulizwa kwa wakati, au alichelewa kuuliza? Karibuni tuongee. Wahehe watanieni tu, ila mtani akiacha kujibu, mfuateni nyumbani.