Kosmas Mdogo Aamua Kesi ya Santuri ya Mjomba Wake

Jamani, leo mwanangu wa miezi mitano kafanywa hakimu!

Kaka yangu Kosmas, mwimbaji wa jazz, alifariki hajamaliza santuri yake. Wenzake wa bendi wakaimalizia. Leo, tulipotoka shamba la ujamaa, Bwana Shamba akaileta kutoka mjini hadi nyumbani kwetu Matiri pamoja na gramafoni yake.

Upande wa kwanza, sauti ya kaka. Mama akasogea karibu na gramafoni.

Upande wa pili, kumbe mwimbaji mwingine, na tarumbeta!

“Zima!” mama akasema. “Irudishwe ilikotoka.”

“Mama, shamba la marehemu si tunalipalilia?” nikamwuliza.

“Tunalipalilia. Hatusemi kalilima yeye! Hapo jina ni lake, sauti ya mwingine.”

Mwanangu ataisikia wapi tena sauti ya mjomba wake?

Nikasema, “Basi aulizwe mwenye jina.”

Maana mwanangu ndiye karithi jina la kaka, na mama humheshimu kama mtu mzima.

Bwana Shamba akampakata, upande wa pili ukaanza upya. Mtoto katulia, macho kodo. Tarumbeta ilipolia tu, akamkojolea Bwana Shamba, suruali chapachapa!

“Amekataa!” mama akasema.

“Amebariki!” Bwana Shamba naye, huku anachuruzika.

Mama akacheka. Tangu matanga sikuwa nimemwona akicheka.

“Haya, ibaki. Nigeuzie nimsikie mwanangu. Halafu na hao wengine, maana wamemlilia vizuri.”

Ninyi mnasemaje, alikataa au alibariki?

Mimi nimeshaanika suruali. Mwenyewe karudi ofisini kajifunga kitenge changu.