Siku Nilipoificha Ovaroli ya Baba

Jani bichi likiraruliwa hutoa harufu kama ya tango lililokatwa sasa hivi. Ni harufu nzuri, ukiwa jikoni. Jumanne iliyopita ilinipokea uwanjani, saa kumi na nusu, nilipotoka kuteka maji nikakuta kitalu changu kimevurugwa. Safu mbili nzima za miche zilikuwa zimelala chali. Kila mmea ulikuwa umenyofolewa kile kichipukizi cha katikati, kinachotoka kimejikunja kama karatasi. Hicho ndicho kitamu, na mmea usipokuwa nacho hukaa bure wiki nyingi kabla haujapata nguvu ya kutoa kingine. Tumbili walikuwa wamekula, wamepangusa midomo, wamekwenda zao.

Ng'ambo ya seng'enge, kwenye nyumba ya wageni ya jirani, maganda ya ndizi yalikuwa bado kwenye sinia. Wale wana desturi yao. Kila siku saa kumi huwawekea tumbili ndizi mbivu na mkate, wageni wapige picha. Sinia likiisha, wageni huingia ndani kunywa chai, na tumbili huvuka kuja kwangu kutafuta mboga.

Nilishakwenda kulalamika mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu. Meneja alisimama langoni akanisikiliza huku anapekua simu. Nasra, binti yangu wa miaka sita, alikuwa amenishika leso. Nilipomaliza kusema, yule bwana aliinama, akamshika Nasra kidevu.

"Mrembo, ukifika nyumbani mwambie baba aje tuongee. Sawa?"

Aliniruka mimi niliyesimama mbele yake, akampa ujumbe mtoto wa miaka sita. Hapo ndipo subira yangu ilipokatika.

Sikupiga kelele. Nilimshika Nasra mkono tukarudi, na nilipopita tena katikati ya yale majani, harufu ilinipanda kichwani, ikanirudisha karibu miaka ishirini nyuma, kitalu hiki hiki, chini ya banda hili hili la makuti, wakati nina miaka tisa na mamangu ni mwanamume.

Ngojeni niwaeleze.

Sisi tunakaa Kisauni, upande unaopakana na machimbo ya zamani. Mawe yalipokwisha, mashine zilihama, shimo likapandwa mivinje, na mivinje ilipokua tumbili wakahamia. Mama, jina lake Mwanakombo, alikuwa akifulia watu nguo kwenye nyumba za Bamburi. Siku moja alimkuta mtunza bustani wa hoteli anatupa vishina vya mmea fulani, akaviomba, akavileta nyumbani ndani ya beseni la sabuni. Alivipanda kivulini. Vikatoa majani mapana, ya kijani kizito, yenye ukingo mweupe kama aliyeyachora alikuwa na mkono usiotetemeka. Jina lake la kitaalamu hatukulijua. Tuliyaita masahani, kwa upana wake.

Yule mtunza bustani alipita kuyaona, akazunguka banda mara mbili, kisha akamwambia Mama kwamba hoteli itachukua yote, mwisho wa mwezi, mradi yawe mazima. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Alipotoka alitwambia kwamba siku gari la hoteli litakapokuja, hatashika tena nguo chafu ya mtu asiye wake. Nakumbuka aliitazama mikono yake wakati akisema. Sabuni ilikuwa imeila ngozi ya vidole mpaka ikawa laini kama ya mtoto.

Kilichobaki ni tumbili.

Tumbili, kama hamjawahi kukaa nao, ni watu wa ratiba. Baba alifanya kazi ghalani Changamwe. Alitoka alfajiri, akarudi baada ya magharibi. Akiwa nyumbani, siku za mapumziko, tumbili hukaa juu ya mivinje wakikohoa. Kesho yake akiondoka tu, wanashuka. Mama alipiga sufuria. Alirusha kandambili. Alichoma pilipili kwenye makaa, tukapiga chafya nyumba nzima, na tumbili wakasubiri moshi uishe. Walimsubiri kwa adabu kabisa, kama watu waliokuja kwenye hotuba. Ukingoni mwa machimbo kila mtu alilijua jambo hili: tumbili humkimbia mwanamume, lakini mwanamke humwona kama nguzo. Jirani yetu, Bi Mwanahamisi, kila akipanda mahindi alikuwa akimbembeleza mpwa wake aje kukaa tu shambani, hata kama amelala.

Mama hakuwa na mpwa. Jumatatu moja alitoa ovaroli kuukuu ya Baba, ile ya buluu, akaivaa. Akakunja miguu ya suruali, akasokota nywele ndani ya kofia ya kazi, akachukua fimbo. Kisha akatoka akitanua mabega, anatembea kama Baba, ule mwendo wa mtu ambaye goti moja linamsumbua. Nilikuwa mlangoni. Tumbili waliinua vichwa. Mmoja akakohoa. Wote wakapanda juu kwa mkupuo, mivinje ikavuma.

Mama alirudi akicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, Zuhura, wameikimbia nguo."

Ikawa ndiyo kazi. Kila siku, saa tatu mpaka saa nne, na tena alasiri akitoka kufua, Mama alikuwa mwanamume. Bi Mwanahamisi alimsalimu kutoka uani kwake.

"Hujambo, shemeji? Mkeo yupo? Nataka kuazima ungo."

"Kenda sokoni," Mama alijibu kwa sauti nzito. "Karibu chai."

Wao walicheka. Mimi sikucheka. Shuleni walisema Zuhura ana baba wawili na hana mama. Walikuwa wakitanua mabega nikipita, wakichechemea, wakiuliza mimi huandaliwa chai na yupi. Mtoto wa miaka tisa hana ngozi ya kuhimili hayo. Sikumwona Mama kama mtu anayelinda kitu. Nilimwona kama mtu anayeniaibisha.

Ikabaki siku mbili gari la hoteli lije. Jioni niliitoa ovaroli kwenye kamba, nikaisokomeza ndani ya mfuko wa saruji, nikaificha nyuma ya pipa la maji, chini ya makuti yaliyooza.

Asubuhi nilimsikia Mama akipekua. Alipekua chumbani, akapekua jikoni, akainua hata mkeka.

"Zuhura."

"Abee, Mama."

"Ovaroli ya babako hukuiona?"

"Sikuiona, Mama."

Nilimwitikia kwa heshima zote, kisha nikamdanganya.

Tumbili walishuka. Mama alitoka na leso yake kifuani na nyingine kichwani, fimbo mkononi, akapiga kelele mpaka sauti ikakwama. Walikuwa wengi siku hiyo. Mkubwa wao, dume lenye sikio lililochanika, alikaa juu ya mfuko wa mche kama anakaa kibarazani. Alinyofoa kichipukizi, akakitafuna taratibu, akimtazama Mama usoni. Mama alipomkaribia, alisogea safu moja tu, akaendelea. Mtazamo ule siusahau. Haukuwa wa hasira wala wa woga. Alikuwa akimtazama Mama kama tunavyotazama mvua ambayo inanyesha mtaa mwingine.

Mimi nilikuwa mlangoni, najua ovaroli iko wapi. Ingenichukua hatua kumi. Sikwenda.

Kesho yake gari la hoteli lilikuja. Mtunza bustani alishuka, akatembea katikati ya safu, akainua jani moja lililoraruka, akaliachia. "Pole, mama. Haya siwezi kuyapeleka." Gari lilirudi tupu, na Jumatatu Mama alibeba beseni lake akaenda Bamburi kufua.

Nilisubiri kipigo. Hakikuja. Siku ya tatu nilifungua sanduku la Baba kumtafutia shati, nikaikuta ovaroli imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Sasa nikajua kwamba anajua.

"Zuhura, ndoo hapa."

Nilikwenda. Alinipa ndoo, akanipeleka ukingoni mwa machimbo.

"Niokotee mawe. Yawe kama yai la kuku. Makubwa usiniletee."

Mimi nikiokota, yeye alikaa akisokota kamba ya katani. Alikuwa akitengeneza kombeo, lile la kuzungusha juu ya kichwa na kuachia upande mmoja. Nikafikiri: sasa si atavaa ovaroli, maana ameipata? Hakuivaa tena. Hakuivaa hata siku moja.

Alijifunza kurusha akiwa na leso. Jiwe la kwanza lilikwenda nyuma likatoboa debe letu. La pili lilipita juu ya kamba ya nguo ya Bi Mwanahamisi, naye akatoa kichwa dirishani.

"Mama Zuhura, shemeji alikuwa na shabaha kukushinda."

"Shemeji kaacha kazi," Mama akamjibu. "Mimi ndiye niliyebaki."

Kila siku, akitoka kufua na vidole vimechunika, alisimama katikati ya kitalu. Alivaa leso moja tu, nyekundu yenye mji mweupe katikati, asubuhi ifuliwe alasiri ivaliwe, ili wamjue. Alikuwa akiwaita kabisa. "Nitazameni vizuri. Ni mimi." Kisha kombeo linalia, na jiwe linagonga shina la mvinje karibu na sikio la mmoja wao. Hakuwa akilenga kuua. Alilenga kusikilizwa. Na mimi, miezi mingi, niliokota mawe. Nikirudi shule naokota mawe. Wenzangu wakicheza kibe, mimi naokota mawe. Hakuniuliza kamwe, nami sikumwambia, lakini kila ndoo niliyoiweka miguuni pake tulijua sote wawili ni ya nini.

Masika yalipoingia, ilitosha Mama ajitokeze mlangoni. Dume lenye sikio lililochanika likiiona ile leso lilikohoa, likapanda, na ukoo wake wote nyuma. Masahani yakachipua. Mwaka uliofuata gari la hoteli lilirudi, likaondoka limejaa mpaka majani yakawa yanatokeza madirishani. Beseni la Bamburi likageuka la kuogeshea bata.

Miaka mingi niliamini Mama aliiacha ovaroli kwa sababu nilimtia haya, au kwa ukaidi tu. Nilimuuliza nilipokuwa na mimba ya Nasra, tumekaa tunajaza udongo kwenye mifuko ya miche. Kwanza nilikiri. Akasema, "Unanambia leo? Niliipata siku ile ile, tumbili walipokwisha kwenda zao, mfuko wa saruji ulikuwa unachungulia." Nikamuuliza kwa nini basi hakuivaa. Akapiga udongo kwa ngumi, polepole.

"Walikuwa wakimwogopa babako. Mimi nilikuwa nambebea nguo tu."

Nilisikia, nikaitikia, lakini kuelewa hasa nimeelewa Jumanne hiyo.

Maana jioni mume wangu alirudi kutoka kazini, nikamsimulia, akavua viatu, akasema kwa upole, "Kesho niko nyumbani. Nikienda mimi nikaongea naye, dakika tano yamekwisha." Mume wangu ni mtu mzuri, na alilosema ni kweli. Yule meneja angemkaribisha kiti. Ndizi zingekoma Alhamisi. Na siku mume wangu akiwa kazini, au safarini, zingerudi, nami ningesimama langoni tena nikitazamwa kama mvua ya mtaa mwingine.

Nilimtazama baba Nasra nikaiona ile ovaroli ya buluu.

"Asante," nikamwambia. "Wewe kaa na mtoto. Kwenda nitakwenda mimi."

Usiku sikuweza kumwandikia chifu barua kwa hasira, nikangoja asubuhi. Nilimsomea Mama, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu kutoka barazani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika jina lako lote?"

"Lote."

"Haya. Kaitie muhuri."

Ofisini kwa chifu, karani aliipokea, akaisoma, akaniuliza kama bwana yuko nje ili naye atie sahihi. Nikamwambia asome mstari wa mwisho. Akausoma. Akachukua muhuri, akapiga, akanipa nakala, na nakala hiyo ndiyo hii.

*Kwa Chifu.*

*Kuhusu: Kulishwa kwa tumbili kando ya ua wangu.*

*Mimi, Zuhura wa Mwanakombo, ni mwenye kitalu cha maua kinachopakana na machimbo ya zamani. Jirani yangu, nyumba ya wageni, huwawekea tumbili ndizi na mkate kila siku saa kumi, hatua chache kutoka seng'enge yangu. Wakimaliza huingia kwangu. Jumanne wameharibu safu mbili za miche iliyokuwa na mteja. Tumbili hawaogopi tena watu, na nina mtoto mdogo anayecheza hapo.*

*Nimemweleza meneja kwa mdomo mara tatu. Mara zote tatu ameomba kuongea na mume wangu.*

*Siombi tumbili wauawe. Wao wamefundishwa tu, na aliyewafundisha anajulikana. Naomba chakula hicho kikome, na naomba uje mwenyewe saa kumi, siku yoyote, usimame kwangu uone.*

*Mume wangu ni mzima na ana kazi yake. Kitalu si chake. Majibu yaletwe kwangu.*