Daktari Pacha Anadaiwa Saini ya Mwenzake

Saa tatu asubuhi, Daktari Pacha ananawa mikono kwenye sinki la wodi ya watoto wachanga, na kabla hajaulizwa lolote anakiri kwamba mjinga wa siku ile ya usaili wa kupanda cheo chuoni alikuwa yeye.

“Si kamati. Mimi,” anasema, akikung'uta maji vidoleni. “Mtu mzima na masharubu yangu, nikaenda kuwatania watu waliokaza tai.”

Hilo jina la Pacha hakuzaliwa nalo. Wamembandika wauguzi, na linamkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Mezani amelala mtoto wa siku tatu, amekunja ngumi. Daktari anavaa glavu, anamfunua tumbo, anakagua kitovu, anainama kukinusa.

“Safi, bondia,” anamwambia.

Vitovu ndivyo vilivyomtoa. Makala yake ya kitabibu kuhusu kuzuia vidonda vya kitovu yamenukuliwa zaidi ya mara mia nne. Kwa watafiti hiyo ndiyo mizani: mwenzako akitumia matokeo yako na kukutaja, uzito wako unaongezeka.

Alipompigia mama yake simu kumpa habari hizo, akapaza sauti: “Mama, nimenukuliwa!”

“Umenuka?” mama akajibu. “Si uoge, baba?”

Balaa lake ni kuwa na majina mawili. Makala kumi na moja ya mwanzo aliyatoa kwa jina la nyumbani, ambalo mama alimpa kumrithi babu yake. Alipoajiriwa chuoni akaambiwa atumie jina la kwenye cheti, akatoa mengine kumi na tano.

Wewe na mimi tutajumlisha. Kompyuta ya chuo haijumlishi. Yenyewe inaona watafiti wawili, na cheo cha profesa mshiriki kinataka makala ishirini ya mtu mmoja.

Tena ikagundua kwamba wawili hao wanapendana mno: huyu wa pili hamalizi ukurasa bila kumtaja wa kwanza. Siku ya usaili, mwenyekiti wa kamati ya vyeo akamuuliza, “Mbona unamnukuu sana huyu bwana? Mna uhusiano?”

“Nikamjibu, ‘Sana tu. Tunalala kitanda kimoja.’”

Hakucheka mtu. Katibu akaandika.

Jibu lilipotoka, daktari alitakiwa alete ridhaa yenye saini ya mtafiti mwenzake, kwa kuwa amekiri mwenyewe kwamba wako karibu. Ulimi ukawa umemponza mwenye nao.

Akapeleka cheti. Akapeleka kiapo cha mahakamani. Katibu akavisoma vyote, akavipanga vizuri, akasema vinathibitisha kwamba daktari ana majina mawili.

“Nikamwambia, ‘Ndugu yangu, huyo mwingine ni mimi!’ Akaniambia, ‘Sawa, daktari. Lakini yeye mwenyewe anasemaje?’”

Nyumbani nako hapumui. Mkewe, ambaye ni mfamasia, humuuliza kila jioni akishika mwiko: “Leo nipakue ya wangapi?”

Mzaha unaishia hapo. Utafiti wake mpya ni wa kupeleka dawa ya kusafishia vitovu kwenye zahanati ambako akina mama hujifungua na daktari hayupo. Sharti uongozwe na profesa mshiriki, na wafadhili wanataka jina la kiongozi kesho. Asipopanda cheo, chuo kitamkabidhi kazi hiyo mtaalamu wa macho.

“Wa macho!” anang'aka daktari, akivua glavu kwa hasira. “Kitovu kina kope?”

“Huenda akakiona vizuri,” anachomekea muuguzi mkuu, bila kuinua uso.

Daktari anamfunika mtoto taratibu. “Ofisi yenye zulia wabaki nayo,” anasema. “Ninachotaka, mtoto kama huyu akizaliwa huko mbali, kitovu kikauke, kidondoke, aende zake akacheze. Basi.”

Mchana anaingia ofisi ya katibu na silaha ya mwisho: mama yake, amevaa viatu vya harusini, mkoba ameukumbatia.

“Shikamoo, mama,” anasema katibu, akimvutia kiti.

“Marahaba, mwanangu. Huyu ni mtoto wangu. Majina yote mawili nilimpa mimi. Sasa shida iko wapi?”

“Hakuna anayekubishia, mama. Ila mfumo unaonyesha watu wawili.”

“Mfumo ndio nani?”

“Kompyuta, mama.”

“Ilikuwepo nilipojifungua?”

“Haikuwepo. Lakini utaratibu unataka yule wa pili naye aje, au alete saini.”

Daktari anajishika kichwa. Mama anainuka, anaweka mkoba begani.

“Mwanangu, mimi uchungu niliupata mara moja, na aliyetoka ni huyu. Huyo wa pili mmemzaa nyie humu ofisini. Mleeni.”