Sokwe Wetu na Korongo Wao

Ukoo wa mume wangu hauli korongo, haumpigi wala haumfukuzi. Ndiye muziro wao, kiumbe cha mwiko walichorithi kwa mababu: yule ndege mrefu wa kinamasini mwenye taji la manyoya kichwani. Sisi wa ukoo wa baba yangu, ambao wazee wetu walivuka Mto Kagera kutoka Rwanda, muziro wetu ni sokwe. Nilipoolewa hapa Nyakakika, jambo hilo liliwachekesha mawifi mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama usoni, halafu mikononi, nadhani akitafuta manyoya.

"Wetu ana taji," alisema. "Wenu hata mkia hana."

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa bibi harusi. Sasa nina watoto wanne na sina tena sababu ya kunyamaza. Huyo mwenye taji nimeishi naye. Anatembea kama mkaguzi wa shule: anainua mguu, anafikiri, anaushusha. Akifungua mdomo utadhani tarumbeta iliyopasuka. Akishiba anacheza ngoma na mkewe katikati ya shamba la mtu, bila haya. Sokwe nimemwona kwenye kitabu cha shule tu, kachutama, mkono shavuni. Lakini hajawahi kugusa jani langu hata moja.

Mwaka jana, mvua za Septemba zilipoanza, nilipanda maharage kwenye kipande changu kando ya migomba. Hayo ndiyo yalikuwa yatufikishe Januari. Yalipotoa majani mawili mawili, korongo wakaja, kundi zima, wakaanza kung'oa mstari kwa mstari, kwa utaratibu kuliko nilivyopanda. Nikaokota bonge la udongo. Mume wangu akanishika mkono.

"Usimtupie. Huyo ni mzee wa nyumbani."

"Mzee wa nyumbani anakula chakula cha wajukuu?"

Alisimama pale, mwanamume mzima, mzee wa kanisa anayepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili, akawatazama ndege wakila mboga ya watoto wake kwa heshima zote. Nilimdharau siku ile, wala sioni aibu kuliandika. Walipoondoka hapakubaki miche ya kujaza hata sufuria moja. Nililia jikoni, tena kwa hasira.

Wiki iliyofuata wakahamia kwa mama mkwe, aliyekuwa amepanda karanga nyuma ya nyumba yake. Asubuhi akaja kwangu mwenyewe, na hajawahi kuja kabla ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe muziro wako ni sokwe, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Yule asiye na mkia."

"Basi hana undugu na korongo. Njoo."

Alinipeleka mpaka kwenye karanga zake, akawapa ndege mgongo, akaanza kuchunguza mgomba kana kwamba hajawahi kuona mgomba. Nikapiga beseni la bati kwa kijiti, nikapiga na kelele zote nilizozimeza tangu harusi. Korongo wakaruka, wakashuka bondeni.

"Wameondoka?" aliuliza bila kugeuka.

"Wameondoka, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mbegu za maharage.

"Kapande tena. Mvua bado ipo."

"Na wakirudi?"

"Shamba lako halionekani kutoka kwangu."

Linaonekana vizuri sana. Ukisimama mlangoni kwake unaona mpaka vitunguu vyangu. Nilipanda, na miche ilipochomoza walirudi. Nikatoka na beseni. Kule mlangoni mama mkwe akageuza kigoda chake, akakaa akiangalia ukuta. Mume wangu akaingia ndani kutafuta viatu, na hakuvipata mpaka nilipomaliza.

Mwezi wa Januari mume wangu alikula maharage sahani mbili, akayasifu. Nilimwambia amshukuru sokwe.